Viraka na Nyuzi za Ukambani

Sweta la mtumba likifika soko la Kibwezi limetoboka viwiko, bado lina mnunuzi. Mama anayelichagua halitazami kama vazi. Anavuta ukingo wa chini kupima kama uzi utafumuka au umeshikana, anageuza upande wa ndani ambako rangi haijapauka, kisha anapatana bei. Nyumbani atakata mshono wa bega, atafute ncha, afumue safu moja baada ya nyingine huku akiviringa donge. Uzi wa namna hiyo hutoka na mikunjo, kwa hiyo huoshwa na kuanikwa ukiwa umevutwa hadi unyooke. Baadaye utaonekana umezunguka kiondo cha makonge, mistari ya kijani na zambarau ambayo hakuna atakayeuliza ilitoka kwenye kifua cha nani.

Katika nchi nyingine watu wana desturi ya kukusanya mabaki ya nguo, kuyakata vipande na kuyaunga yawe blanketi. Ukambani, nchi ya Wakamba wa Kenya, nako viraka vimeshonwa, na tutavifikia. Lakini kazi hiyohiyo ya kuunganisha mabaki ilipata makao makubwa zaidi kwenye kiondo, na ndiyo maana historia ya viraka vya Kitui na Makueni haiwezi kusimuliwa kwa sindano peke yake. Vitabu vimeeleza habari za jora zilizopanda kutoka pwani na pembe za ndovu zilizoteremka. Kilichotokea baada ya jora kukatwa, kuvaliwa na kuchakaa kilikuwa mikononi mwa wanawake, na hakikuandikwa na karani yeyote.

Kushona kulikuwapo kabla ya kitambaa. Wakamba walivaa ngozi za mbuzi na ng'ombe, zikakwanguliwa, zikalainishwa kwa mafuta, zikaungwa na kupambwa kwa shanga na nyaya za shaba. Ngozi moja haimfuniki mtu mzima vizuri, kwa hiyo kuunga vipande kulikuwa sehemu ya kawaida ya kutengeneza nguo. Mifuko nayo ilifumwa kwa nyuzi za magome ya miti, hasa mbuyu, ambao Wakamba huuita mwamba na ambao umejaa nyanda za Kibwezi, Mtito Andei, Ikutha na Mutomo. Mbuyu una tabia ya pekee: ukibanduliwa gome kwa uangalifu, huotesha jingine. Mwanamke alibandua kipande, akakiponda, akachana nyuzi na kuzisokota juu ya paja kwa kiganja. Gerhard Lindblom, Mswidi aliyekaa Ukambani mwaka 1911 na 1912, aliandika kuhusu ufumaji huo wa mifuko katika kitabu chake kikubwa juu ya Wakamba.

Kitambaa kiliingia kwa njia ya misafara. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, wafanyabiashara wa Kikamba ndio waliotawala njia kati ya bara na Mombasa. Aliyejulikana kuliko wote ni Kivoi wa Kitui, ambaye misafara yake ilipeleka pembe pwani na kurudi na nguo, shanga na nyaya. Mmisionari Ludwig Krapf alifika kwake mwaka 1849, na tarehe 3 Desemba mwaka huo, akiwa Kitui, akauona Mlima Kenya. Miaka miwili baadaye Kivoi aliuawa safarini karibu na mto Tana, Krapf akiwa katika msafara huohuo na kunusurika kwa shida.

Nguo iliyotafutwa zaidi wakati huo ilikuwa merikani, kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa, kilichofumwa viwandani Massachusetts na kuletwa Unguja na meli za Salem. Marekani ilifunga mkataba wa biashara na Sayyid Said, sultani wa Omani na Unguja, mwaka 1833, na kwa miaka 30 hivi nguo yao ilikuwa bora machoni pa wanunuzi wa bara. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, vilikausha soko la pamba, na nguo za Bombay na Uingereza zikachukua nafasi. Pamoja na merikani kulikuwa na kaniki, nguo iliyotiwa rangi ya nili ikawa karibu nyeusi.

Nguo hizo zilikuwa pia fedha. Zilipimwa kwa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole: mikono minne ilifanya shuka, na shuka mbili zilifanya doti. Ushuru, zawadi ya mkubwa wa nchi na ujira wa mpagazi vilihesabiwa hivyo. Ni rahisi kuona kwa nini vipande vya nguo hizo vilithaminiwa. Kitambaa kilichokatwa kilikuwa kimeshafanya kazi ya fedha, na hata kilipochakaa mabegani kikabaki kizima kwenye pindo, pindo hilo liliweza kufunga mtoto mgongoni, kushikilia kitu au kuziba tundu la nguo nyingine. Familia iliyopata nguo kwa kubadilishana na mbuzi haikuitupa.

Pwani, katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, palikuwa na ushonaji wa vipande ambao ulizaa vazi la Afrika Mashariki nzima. Wanawake wa mjini walinunua vitambaa vya mraba vya mkononi, vilivyouzwa vikiwa vimefuatana kwenye jora, wakavikata vitatuvitatu na kuviunga safu mbili. Vipande sita vikawa vazi moja lenye nakshi ambayo hakuna kiwanda kilichokuwa kimeipanga. Wafanyabiashara walipoona mtindo huo unapendwa, wakaagiza nguo iliyochapwa nzima kwa umbo hilo. Leso ilianzia hapo, katika mshono wa viraka. Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza mwaka 1887, lilikuja kujulikana kwa leso zenye alama ya Mali ya Abdulla, na leso hizo zikapanda bara pamoja na reli.

Reli ndiyo iliyobadili hesabu. Kazi ilianza Mombasa mwaka 1896, ikapita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu katika nchi ambayo leo ni Makueni, na kufika Kisumu mwaka 1901. Kwa Wakamba miaka hiyo haikuwa ya maendeleo hata kidogo. Kati ya 1898 na 1899 iliwapiga njaa wanayoiita Yua ya Ngomanisye, njaa iliyoenea kila mahali, na ndui ikaja juu yake. Watu waliokuwa na mifugo na pembe wakageuka kuwa vibarua. Baada ya hapo nguo haikuja tena kwa msafara wa mwenyeji. Ilikuja kwa gari la moshi na kuuzwa kwenye duka la Mhindi.

Duka hilo ndilo lililomleta fundi. Barazani mwa duka la nguo, iwe Makindu au Kitui mjini, aliketi mtu na cherehani ya kukanyaga kwa mguu. Mteja alinunua yadi zake ndani, akatoka nje kupimwa, na miguuni pa fundi yakaanguka makwapa, pembe za kola na vipande vya upindo. Kabla ya hapo nguo ya kujifunga haikuacha mabaki, kwa sababu haikukatwa kufuata mwili. Shati na gauni huacha mabaki. Kwa hiyo mabaki, kama kitu cha kukusanywa, ni mgeni aliyeingia Ukambani pamoja na mkasi na cherehani.

Misheni ziliongeza wingi wa nguo za kushonwa. Misheni ya Kiskoti ilifungua kituo Kibwezi mwaka 1891 na kukihamishia Kikuyu mwaka 1898. Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walifika Nzaui, pia Makueni ya leo, mwaka 1895. Scott alifariki mwaka uliofuata, lakini kanisa aliloanzisha likaota mizizi Ukambani kuliko mengine. Misheni zilitaka waumini wavae nguo, zikafundisha wasichana sindano, na zikapokea masanduku ya nguo na vitambaa kutoka kwa makanisa ya ng'ambo. Zawadi hizo ziliwafikia watu zikiwa hazifanani kwa rangi wala kwa kipimo. Ili zitumike, ilibidi zikatwe na kuunganishwa.

Hivyo ndivyo shuka la viraka lilivyopata nafasi kitandani. Lilitengenezwa bila haraka, na kila nyumba ilikuwa na njia yake, ila msingi ulikuwa mmoja. Vipande hupangwa kwanza kwa uzito, kwa kuwa kipande cha suruali ya kaki kikiungwa na chiti nyepesi, kaki huivuta chiti hadi ipasuke kandokando ya mshono. Vyenye uzito mmoja huungwa mkanda mrefu, mikanda huungwa mmoja kwa mwingine, na ukingo hukatwa mwisho. Nyuma huwekwa leso iliyochoka au gunia la unga lililofunguliwa na kufuliwa mpaka maandishi yafifie. Katikati hulazwa blanketi kuukuu. Kisha sindano kubwa hupita tabaka zote tatu, mistari mirefu isiyo na madoido. Usiku wa Julai huko Mbooni, ambako baridi ya milimani huingia ndani, kitu hicho kilipasha mwili joto.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia nguo ziliadimika kote Afrika Mashariki, na kuunga vipande kukawa lazima hata kwa waliokuwa na fedha. Wakamba wengi walikuwa katika jeshi la King's African Rifles. Waliporudi walikuja na makoti mazito na blanketi za kijivu, na nguo hizo ziliendelea kuonekana vijijini miaka mingi, kwanza zikiwa nzima, halafu zikiwa viraka.

Yote haya yangeweza kubaki kazi ya mtu mmoja mmoja jikoni kwake kama pasingekuwa na mwethya. Huo ni utaratibu wa zamani wa majirani kuitana kulima, kujenga au kuvuna, mwenye shughuli akiandaa chakula. Serikali ya kikoloni iliuona ukifaa kwa kampeni zake za kuzuia mmomonyoko, na katika miaka ya 1950 vikundi vya mwethya, wengi wao wanawake, vilichimba matuta milimani kote. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walieleza matokeo ya kazi hiyo katika kitabu chao cha mwaka 1994 juu ya Machakos, wilaya ambayo hadi mwaka 1992 Makueni ilikuwa ndani yake: watu waliongezeka sana, na bado ardhi ikatunzwa vizuri kuliko zamani. Ni kitabu kizuri, na heshima kiliyowapa wakulima ilikuwa imechelewa mno. Wanawake walewale waliochimba matuta asubuhi walikaa pamoja alasiri na kazi za mikono.

Mwaka 1952 ukaja utaratibu mwingine juu ya huo. Maendeleo ya Wanawake ilianzishwa na wake wa walowezi kwa msaada wa idara ya maendeleo ya jamii, na katika vilabu vyake walifundisha kupika, kutunza watoto, kushona na kufuma sweta. Nia ya serikali wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa dhidi ya Mau Mau, haikuwa safi. Ilitaka wanawake wawe upande wake. Lakini waliojiunga walichukua walichokitaka. Mwaka 1958 Phoebe Asiyo akawa Mwafrika wa kwanza kukiongoza chama hicho, na Ukambani kufuma kwa sindano mbili kukabaki kuwa ujuzi wa kawaida wa wasichana. Ujuzi huo ndio uliowezesha kizazi kilichofuata kutambua, kwa kutazama tu, sweta gani litafumuka na lipi halitafumuka.

Pamba yenyewe ilikuwa ikilimwa palepale. Kitui na Makueni ni nchi kavu inayoifaa pamba kuliko mahindi, na zote mbili zilipata vinu vya kuichambua. Baada ya uhuru nchi ilijenga viwanda vya nguo: KICOMI Kisumu, Rivatex Eldoret mwaka 1976. Kwa muda mfupi njia ilikuwa kamili ndani ya mipaka: pamba ya Ukambani iliweza kurudi ikiwa shuka au kitenge. Katikati ya miaka ya 1980 uzalishaji ulifika kilele, kisha ukaanguka. Wakulima walicheleweshewa malipo. Mwaka 1991 soko la pamba likafunguliwa, mitumba ikaruhusiwa kuingia kwa wingi, na viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine. Rivatex iliwekwa chini ya wafilisi mwaka 2000, na Chuo Kikuu cha Moi kikainunua mwaka 2007. Sheria ya Marekani ya AGOA, ya mwaka huohuo wa 2000, iliyoruhusu bidhaa za Afrika kuingia huko bila ushuru, ilileta ajira katika viwanda vya Athi River, jirani kabisa na Ukambani, ila kitambaa kilichoshonwa humo kilitoka zaidi Asia. Mkulima wa Kitui aliyekuwa na pamba ghalani alipitwa.

Mabadiliko hayo yanaonekana ndani ya vyondo. Mkonge ulikuwa umeshachukua nafasi ya mbuyu muda mrefu, baada ya kuenea mashambani na kupandwa kama ua. Shamba kubwa la Dwa la Kibwezi limo palepale kando ya barabara kuu. Rangi za mizizi na magome zilikuwa zimeachia nafasi rangi za dukani. Belo za mitumba ziliposhuka Wote, Mwingi na Emali, zikaja nyuzi ambazo hakuna aliyeagiza: sufu za bandia za Ulaya na Amerika, rangi ambazo mmea wa Ukambani haujawahi kutoa. Magunia ya nailoni ya chakula cha msaada, yaliyofuata kila ukame, nayo yakafumuliwa. Mwanamke aliyepokea unga wa msaada alibaki na gunia, na uzi wa gunia ukaenda kuuzwa ukiwa kiondo.

Kazi yenyewe huanzia kwenye kitako. Nyuzi za kusimama hupishanishwa katikati, kisha nyuzi mbili za kuzunguka hupita, mmoja mbele na mwingine nyuma, zikisokotana baada ya kila hatua. Kitako kikipanuka, nyuzi mpya za kusimama huongezwa katikati ya zile za kwanza; msukaji akichelewa kuongeza, kitako hujikunja kama bakuli, akizidisha, hupinda mawimbi. Rangi hubadilishwa bila fundo kuonekana nje. Uzi wa sweta unapotumika lazima uvutwe kwa nguvu moja tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu una kumbukumbu ya mikunjo yake na ukilegezwa hurudi. Mikono ya msukaji haisimami. Huonekana ikifanya kazi akienda kisimani, akisubiri matatu, akisikiliza mkutano wa chifu.

Kiondo kikitoka mikononi mwake bado hakijakamilika kwa macho ya mnunuzi wa mjini. Hupelekwa kutiwa ngozi mdomoni, mishipi na kitambaa cha ndani, mara nyingi na mafundi wa soko la Kariokor, Nairobi. Tangu miaka ya 1970, vyondo viliposafirishwa kwa wingi ng'ambo, faida kubwa imekuwa ikipatikana katika hatua hiyo ya mwisho na zinazofuata. Msukaji hulipwa kwa kipande, na bei huwekwa na anayekuja na gari. Vikundi vya Kitui na Makueni vinavyouza pamoja vimepunguza dhuluma hiyo, havijaimaliza. Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, watu wa mjini walianza kubeba vyondo sokoni tena, jambo la kufurahisha, japo mifuko mingi iliyojaza pengo hilo ilitoka viwandani.

Sindano nayo haikulala. Leso hugawiwa kwenye kampeni, kitenge cha sare hununuliwa kwa arusi na mazishi, na katika mahari ya Kikamba blanketi la wazazi wa binti lina nafasi yake pamoja na mbuzi. Nguo za zawadi ni nyingi kuliko nafasi za kuzivaa. Zinapochakaa, au mabaki ya sare yakibaki kwa fundi, vikundi vya kina mama huyakusanya na kushona mito, mikoba, mashuka ya watoto na sodo za kufuliwa kwa ajili ya wasichana wa shule. Fundi aliye na moyo hutoa gunia la mabaki bure. Mwingine huliuza, kwa sababu amejua lina mnunuzi.

Mwaka 2020 ulileta mambo mawili kwa mpigo. Machi serikali ilisimamisha uingizaji wa mitumba kwa hofu ya korona, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi Agosti. Wakati huohuo kituo cha nguo cha kaunti ya Kitui, KICOTEC, kilichoanzishwa Syongila wakati wa ugavana wa Charity Ngilu, kiliacha sare na kuanza kushona barakoa kwa wingi uliopata habari nchi nzima. Mamia ya vijana, wengi wao wanawake, walikuwa kwenye cherehani za umeme. Vijijini hakukuwa na haja ya kiwanda. Barakoa ya tabaka tatu ni kazi ndogo kwa mtu aliyezoea viraka: kitenge nje, pamba laini ndani, kipande cha katikati kutoka shuka kuukuu, na lastiki iliyong'olewa kwenye nguo iliyokwisha.

Vyondo vya zamani vimehifadhiwa, vingine mbali sana. Lindblom alirudi Uswidi na baadaye akaongoza jumba la makumbusho ya ethnografia la Stockholm, na mifuko ya Kikamba imo katika makumbusho kadhaa ya Ulaya. Shuka la viraka halikupata bahati hiyo. Lilitumika hadi likaisha, likawa kitambaa cha kupangusia, likawa utambi wa taa. Ila wapo bado Mutomo, Kibwezi na Mbooni kina susu, yaani bibi, wenye miaka themanini na zaidi waliolala chini ya mashuka hayo na kuyashona, na wengine wana moja lililokunjwa chini ya sanduku. Kaunti zote mbili zina idara za utamaduni. Kazi inayozisubiri ni ya gharama ndogo: kupiga picha kila shuka, na kumketisha aliyelishona aeleze kipande kimoja baada ya kingine, hii kaki ilikuwa suruali ya nani, hii leso ilitolewa katika harusi gani, gunia hili lilileta unga wa njaa ipi.